Inua Jamii katika Kaunti ya Kwale

Inua Jamii ni mpango wa serikali ya kitaifa ya Kenya unaozipa fedha kaya zenye yatima na watoto walio hatarini, watu wenye ulemavu mkubwa, na wazee wa miaka 70 na zaidi. Majaribio ya kwanza ya ruzuku yake ya yatima, mwaka 2004, yalihusisha kaya 500 zilizolipwa shilingi 500 kwa mwezi Kwale, Garissa na Nairobi. Baadaye kiwango kilifika 2,000, kikakwama hapo miaka mingi huku bei ya unga ikipanda.

Kaunti haipangi kiwango hicho. Silaha yake ni hoja za kuishawishi serikali ya kitaifa kukipandisha, na Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, inayoitaka Dola kuwapa hifadhi wasioweza kujikimu, ndiyo hoja yenye nguvu zaidi. Wapo wanaodai kwamba fedha za bure huzaa uvivu, na kwamba ajira katika hoteli za kitalii za Diani, pwani ya Kwale, zingetosha. Tathmini ya ruzuku ya yatima, hata hivyo, ilionyesha kaya zikitumia zaidi kwa chakula na watoto wengi zaidi wakiingia sekondari. Tena bibi wa Msambweni anayelea wajukuu haajiriki hotelini, hata watalii wajae. Mrabaha wa titani iliyochimbwa Kwale nao hautoshi kuwa mbadala: Sheria ya Madini ya 2016 inaipa kaunti asilimia 20 na jamii 10, mgao uliodaiwa kwa miaka, na uchimbaji wenyewe ulikoma Desemba 2024.