Mizani ya Watoto

Kila mwezi akina mama wengi hushika njia ya kituo cha afya, mtoto mgongoni, kadi mkononi. Mtoto hutiwa katika mizani, hulia kidogo, uzito wake huandikwa, kisha mama hurudi nyumbani. Desturi hiyo ilitoka wapi? Na ililetwa kwetu kwa sababu gani? Yafaa tujue, maana habari zake zina mafundisho kwa wazazi.

Mwanzo wake ni Ufaransa. Mganga Pierre Budin wa Paris aliona ya kuwa watoto waliozaliwa salama hospitalini walikufa baadaye nyumbani, wengi kwa kuhara. Mwaka 1892 akaanza kuwaita mama zao warudi nao mara kwa mara, wapimwe wangali wazima. Kwanza aliwahimiza kunyonyesha. Ambaye maziwa yake hayakutosha alipewa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa vema. Mwaka 1894 mganga Léon Dufour alifungua nyumba ya namna hiyo katika mji wa Fécamp, akaiita Tone la Maziwa. Jambo jipya lilikuwa hili: kumwendea mganga kabla ya ugonjwa.

Kazi hiyo ikavuka bahari. Mwaka 1912 kikaundwa chama cha kulinda watoto weusi wa Kongo ya Wabelgiji. Lakini huko Katanga ilikua kwa njia nyingine. Kompani ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, kwanza iliandika wanaume kwa muda mfupi. Walitoka mbali, wengi wakaugua na kufa kambini, wengine wakatoroka. Kuwatafuta wengine kulikula feza nyingi. Basi tangu mwaka 1928 kompani ikafuata mapatano ya miaka mitatu, na mtu aje pamoja na mke na watoto. Kambini kukawa na nyumba za kuzalia, mizani, na chakula cha watoto. Watoto wengi walipona, wala tusikatae jambo hilo.

Walakini kompani ilihesabu pia wafanyakazi wa kesho. Wazee wetu walinyonyesha mtoto miaka miwili na zaidi, na mume alingoja, ili mimba nyingine isije upesi. Wazungu wengi wa siku zile waliilaumu desturi hiyo, kwa kuwa walitaka uzazi uongezeke. Mama alipewa mashauri, lakini ni nani aliyemwuliza yeye anajua nini? Leo waganga wa dunia nzima wanashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na chakula mpaka miaka miwili au zaidi. Bibi zetu hawakuwa wajinga.

Tena, msaada uliotegemea mgodi ulianguka pamoja na mgodi. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilipita mikononi mwa serikali, ikawa baadaye Gécamines. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka. Kazi ikapungua, mishahara ikachelewa, na hospitali za kambi zikadhoofika. Jamaa zilizozoea kupewa yote zikabaki mikono mitupu.

Basi tushike nini? Wenye ujuzi tunawahitaji: mganga, mkunga, mwuguzi, na yule anayejua kuwatuliza watoto walioona vita. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tuwaendee mapema, tusingoje mtoto alegee. Baba naye aende, maana mtoto si wa mama peke yake. Na tukifika tuulize: uzito huu maana yake nini? Nimpe chakula gani? Tuwaeleze pia desturi za nyumbani kwetu bila haya. Mizani huonyesha uzito tu. Sababu ya mtoto kukonda hujulikana pale mwenye ujuzi na mzazi wanaposikilizana.