Maji Yataenda Wapi? Tafakuri ya Kihistoria Kuhusu Majitaka Yetu

Ndugu yangu mmoja anaishi Musoma, kwenye mteremko wa mawe unaoshuka kuelekea ziwani. Nyumba yake, ukiitazama kutoka barabarani, ni ya kawaida. Ukiitazama kutoka ziwani ni kama ghorofa, kwa kuwa chini yake kuna chumba kilichochimbwa ndani ya mteremko. Kwa miaka mingi chumba hicho kilikuwa stoo ya mahindi na nyavu. Mwaka jana aliamua kukikarabati, akigawe vyumba viwili vya kupangisha, kila kimoja na choo na bafu lake. Akamwita fundi bomba, mzee wa maneno machache. Mzee alizunguka nyumba, akapima kimo cha sakafu kwa mpira wenye maji, akaketi juu ya tofali na kuuliza: "Maji yataenda wapi?"

Ndugu yangu akamwonesha mita na tenki. Fundi akatikisa kichwa. "Hayo ya kuja nimeyaona. Nauliza ya kwenda."

Tangu niliposimuliwa kisa hiki nimekuwa nikikirudia darasani, kwa sababu swali la fundi ndilo swali ambalo taifa letu limelikwepa kwa muda mrefu. Tumejifunza kuleta maji. Hatujajifunza kuyaondoa. Na gharama ya kutojifunza huko hulipwa, karibu kila mara, na yule anayeishi chini ya wengine.

Tuanze na hesabu ya fundi. Karo la nyumba ile liko upande wa barabarani, juu kuliko sakafu ya chumba cha chini. Majitaka husafiri kwa uzito wake yenyewe. Bomba la inchi 4 huhitaji kushuka kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita moja, la sivyo kinyesi hubaki njiani. Choo cha chini hakiwezi basi kufika kwenye karo la juu bila pampu, na pampu umeme ukikatika hugeuka pambo. Hata pale ambapo mteremko unaruhusu vyoo vya juu na vya chini kutumia bomba moja, kuna hatari nyingine: bomba likiziba mbele, uchafu wa ghorofa ya juu hufurika kupitia tundu lililo chini kuliko yote, yaani choo cha mpangaji. Ikabaki njia ya tatu, kuchimba karo jipya upande wa ziwani. Huko ndiko ndugu yangu alikokuwa ameelekeza kidole tangu mwanzo. Lakini hatua chache chini ya hapo kuna ua wa mama mmoja mjane, bustani yake ya mchicha na kisima chake.

Je, watu wa kale walilijibuje swali hili? Katika magofu ya Gedi, kwenye pwani ya Kenya, nyumba za mawe za Waswahili zina vyoo vya ndani, mahali pa kutawadhia na mashimo ya kufyonza maji. Mji ule ulihamwa kufikia karne ya 17, kwa hiyo anayedhani kwamba choo cha ndani tuliletewa na Mzungu hajatembea vya kutosha. Aliyejenga pale alijua kabla ya kuinua ukuta maji yake yataingia wapi: kwenye mwamba wa matumbawe, wenye vinyweleo, unaonywa haraka. Musoma haina mwamba huo. Jiwe la Mara ni gumu, na mahali penye udongo wa mbuga maji hutuama. Shimo linalofaa Pwani si lazima lifae Ziwani. Maarifa ya majitaka ni maarifa ya mahali.

Hata mahali panaponywa maji, kunywa si kusafisha. Mwaka 1854, katika mtaa wa Soho jijini London, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600. Daktari John Snow alionesha kwamba vifo vilikizunguka kisima kimoja cha Broad Street. Uchunguzi uliofuata ulifika kwenye nyumba namba 40, mbele ya kisima hicho. Mtoto mchanga alikuwa ameugua mle. Maji yaliyofulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la majitaka la chini ya nyumba. Shimo lilipofukuliwa, matofali yake yalionekana yameoza, na kati yake na kisima hapakufika mita moja. Familia ile haikuwa na nia mbaya kwa yeyote. Ilikuwa na mfereji mbovu chini ya sakafu, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Kisa hicho hufundishwa katika vyuo vya afya duniani kote kama habari ya kisima. Mimi hukisoma zaidi kama habari ya mabomba mawili yaliyofika kwa nyakati tofauti. London ilikuwa imeingiza majumbani maji ya bomba na vyoo vya kuvuta kabla ya kuwa na mfumo wa kupokea yale yaliyotoka. Mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya kinyesi na maji kidogo yalijaa upesi. Yakaruhusiwa kumwagwa kwenye mifereji ya mvua, mifereji ikamwaga mto Thames, na wakazi wengi wakaendelea kunywa Thames. Hatua ilichukuliwa kwa haraka pale tu harufu ya mto ilipowafikia wabunge katika kiangazi cha mwaka 1858, ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mifereji mikuu. Wakubwa walisikia walipofikiwa na harufu.

Ukoloni katika Afrika Mashariki ulipata jibu la bei nafuu zaidi: badala ya kuondoa uchafu, ukawatenga watu. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa na Waingereza kuchunguza afya ya miji ya Kenya, Uganda na Zanzibar miaka ya 1913 na 1914, alipendekeza miji igawanywe kwa rangi. Wajerumani kwa upande wao walikuwa tayari wameigawa Dar es Salaam katika kanda za ujenzi. Tukarithi Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mara nyingi Uzunguni kulikaa penye mwinuko na upepo, Uswahilini kukabaki kule maji yanakokwenda. Mkoloni hakulikwepa swali la fundi. Alilijibu waziwazi: yaende kwao.

Uhuru ulibadilisha jibu la sehemu ya kwanza. Mwaka 1971 serikali ilizindua mpango wa miaka 20 uliolenga kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya": takriban watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma, wakajadili, kisha wakachimba. Mamia ya maelfu ya vyoo yalijengwa. Ninawaambia wanafunzi wangu wasiibeze kazi ile. Kipindupindu kilipoingia nchini katika muongo huohuo, tungekuwa pabaya zaidi bila mashimo yale.

Lakini choo cha shimo kina sharti moja lisilosemwa: kisipewe maji mengi. Kikipokea cha mwili na kopo la kutawadhia, hudumu miaka. Siku bomba linapoingia ndani ya nyumba, pamoja na choo cha kuvuta kinachomwaga lita 6 au 9 kwa mkupuo, bafu na sinki la jikoni, shimo lilelile hujaa. Ndiyo maana kila bomba la majisafi linaloingia nyumbani ni deni la bomba la majitaka ambalo bado halijajengwa. Dar es Salaam inalijua deni hilo kwa jina: kutapisha vyoo. Mvua kubwa inaponyesha, wapo wanaotoboa mashimo yao ili mafuriko yawabebee uchafu hadi mabondeni, kwenye nyumba za wengine.

Sasa deni linakuja Mara. Maji ya ziwa yanasukumwa kutoka Mugango kuelekea Kiabakari na Butiama, na kutoka Nyabehu kuelekea Bunda. Ni jambo la heri, tena lililochelewa. Lakini katika kata kama Kabasa, choo cha uani kitakapohamia ndani ya nyumba, karo litachimbwa wapi, na nani atalikagua? Sheria hazikosekani. Ipo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na ipo Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 ya huduma za maji na usafi wa mazingira, iliyoanzisha RUWASA. Maneno "usafi wa mazingira" yamo katika majina ya taasisi zetu. Katika sherehe zetu hayamo: tumewaona viongozi wengi wakifungua bomba la maji na kumtwisha mama ndoo, nani amemwona kiongozi akikata utepe wa chemba?

Na ziwa lenyewe si pipa lisilojaa. Maji mengi ya Ziwa Victoria huingia kwa mvua na kutoka kwa kupaa hewani; sehemu ndogo tu ndiyo hutoka na mto Nile kule Jinja. Maji hupaa, uchafu hubaki. Magugumaji yaliyolifunika ziwa katika miaka ya 1990 yalinawiri kwa mbolea tuliyolipelekea wenyewe, kutoka mashambani, viwandani na vyooni. Tena ziwa hupanda. Kati ya mwaka 1961 na 1964 kina kiliongezeka kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 kikarudi kwenye kimo kilekile, na nyumba za kandokando zikaingiliwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, lakini ukingo nao husogea. Maji ya ardhini yanapopanda, karo lililochimbwa mwambao halinyweshi tena, linanyweshwa. Kilichozikwa huibuka.

Tufanye nini basi? Majibu yapo, na si yote yanayosubiri mabilioni. Huko Orangi, Karachi, kuanzia mwaka 1980, wakazi wa vichochoro walichangishana na kujenga mifereji yao wenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa msaada wa kitaalamu wa mradi ulioasisiwa na Akhtar Hameed Khan. Serikali iliachiwa mifereji mikuu. Karibu zaidi na sisi, kwenye milima ya mawe ya Mwanza, kama Igogo, yamelazwa mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba, pasipofikika na gari la kunyonya majitaka. Mifano hiyo miwili inaonesha kwamba kipimo sahihi cha kupanga majitaka si nyumba moja, ni kichochoro kizima. Afisa anayepitisha kibali cha ujenzi kwa kutazama vyumba na paa, asiulize karo liko wapi na kisima cha jirani kiko umbali gani, amepitisha nusu ya nyumba. Nusu nyingine imepitishwa kwa jirani bila idhini yake.

Nirudi Musoma. Ndugu yangu alikasirika, akataka kumtafuta fundi mwingine asiye na maswali. Yule mzee hakubishana. Alimwomba jambo moja tu: ashuke mwenyewe hadi kwa yule mama, amwoneshe mahali karo litakapokaa, kisha aombe maji ya kunywa.

Alishuka. Hakuyaomba maji. Siku hizi yeye, mama yule na jirani wa tatu wanajadiliana kuhusu karo moja la pamoja pembeni, kwenye njia ambayo gari hufika, mbali na kisima. Hawajaafikiana nani alipe kiasi gani, na vyumba vya chini bado havijapata mpangaji. Lakini watu watatu wameketi kwenye benchi moja na kuulizana maji yataenda wapi. Halmashauri zetu zitaketi lini?