Ukuta wa Mzee Punch

Mwanafunzi mpya katika shule zetu za bweni huitwa njuka. Nilipokuwa kidato cha pili tulimwamsha njuka mmoja usiku wa manane, tukamwamuru aimbe akiwa amepiga magoti. Kila aliposahau maneno alimwagiwa maji. Mimi sikumgusa, nilicheka tu. Kwa miaka mingi sikukuhesabu kucheka kule kuwa ni kosa, hadi nilipoitafakari habari ya Mzee Punch.

Mzee Punch hakuwa mtu. Lilikuwa jina la kundi la siri la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Walibandika ukutani michoro na maandishi ya kejeli, na wenzao wakasongamana kuyasoma. Waliomtetea walisema anakosoa wakubwa na kurekebisha tabia. Lakini mwenye kukejeli bila kujulikana hawajibiki kwa yeyote, na kejeli ile ikawaelemea wanyonge. Wasichana, waliokuwa wachache chuoni, waliandamwa mno, hasa aliyethubutu kumkataa mwanamume. Aliyebandikwa alitengwa pia, kwani wenzake waliogopa kuonekana naye.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike, aliyekuwa ameandamwa hivyo, alijiua. Jina lake limeandikwa mahali pengi, hapa nalisitiri. Baada ya msiba ule Punch alipigwa marufuku, na wanawake wa chuo, walimu kwa wanafunzi, wakapaza sauti. Mwaka 1998 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, ambayo iliufanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai.

Sheria ni jambo jema, lakini haina macho. Humngoja mtu aje aseme. Na anayeonewa mara nyingi hawezi kusema peke yake, maana uonevu wenyewe umekwisha kumfundisha kwamba hana mtu. Ndiyo maana aliyeona anao wajibu. Akae na mwenzake, asimwache chumbani peke yake. Aandike siku, mahali na waliokuwapo. Karatasi aihifadhi kama ushahidi, asiipitishe mkono kwa mkono. Aende naye kwa mlezi wa wanafunzi. Akipuuzwa, apande ngazi nyingine, au aende polisi. Kufanya hivyo si umbea, wala si kuwasaliti wenzake.

Waliochora ukutani walikuwa wachache. Waliosongamana kusoma walikuwa wengi, na naamini Punch asingedumu bila wao. Nami najua ningesimama upande gani.

Njuka wetu yule aliondoka shuleni kabla ya muhula kwisha. Mwalimu wa zamu alituuliza tulimfanya nini. Tulijibu kwa pamoja kwamba tulikuwa tunamkaribisha, na sauti yangu ilikuwamo.