Ngoma na Inanga: Santuri Moja, Njia Mbili

Aghalabu tunapotaja muziki wa majaribio, yaani ule unaoacha kanuni zilizozoeleka ili kutafuta sauti mpya, fikra zetu hukimbilia Ulaya. Muziki wa kwetu tunauweka katika kabati la "mila na desturi". Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo haulingani na historia, na ushahidi unatoka hapa hapa Burundi.

Mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge, huingia darasani na maneno mawili yanayofanana. Kwa Kirundi, ingoma ni chombo kipigwacho na pia ni ufalme. Kwa Kiswahili, ngoma ni chombo, mchezo na sherehe. Ufalme wa Burundi ulifutwa Novemba 1966. Mwaka uliofuata, Wafaransa Michel Vuylsteke na Charles Duvelle walirekodi kundi la wapiga ngoma 25. Ngoma zilizokuwa za mwami zikaingia katika santuri ya Ocora.

Ocora ilitokana na shirika la redio lililoasisiwa katika miaka ya 1950 na Pierre Schaeffer, yule yule aliyeanza mwaka 1948 kutunga muziki kwa kuunganisha sauti zilizorekodiwa, kama vile milio ya garimoshi. Hivyo basi, tangu mwanzo, muziki wa majaribio na muziki wa Burundi vilikuwa majirani.

Santuri hiyo ilifungua njia mbili. Ya kwanza ilielekea kwenye muziki wa vijana. Mwaka 1971 ngoma zile ziliongezewa gitaa na kinanda, zikauzwa kwa jina la "Burundi Black". Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada aliimba "The Jungle Line" juu ya ngoma za Burundi na kinanda cha elektroniki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Adam and the Ants na Bow Wow Wow wa Uingereza walijenga mtindo wao juu ya mdundo huo.

Njia ya pili ni ya inanga, ubao uliochongwa kama sinia refu na kupitishiwa uzi huku na huko. Mwimbaji hapazi sauti, bali hunong'ona. Mnong'ono hauna kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Kidatu kinatoka kwenye nyuzi. Hata hivyo, msikilizaji husikia kana kwamba mtu anaimba. Mtaalamu Cornelia Fales alilichambua jambo hilo mwaka 2002. Kwa walimu wa lugha lina uzito wa pekee, kwa kuwa Kirundi ni lugha ya toni na Kiswahili sicho.

Tusisahau upande wa haki. Aliyetajwa kuwa msanii wa "Burundi Black" ni "Burundi Steiphenson Black", jina la kisanii la mwanamuziki Mfaransa, si la hata mmoja wa wale 25. Tusipofundisha historia hii, tutaendelea kuupokea mdundo wetu kama mgeni.

Kwa hiyo tuwasikilizishe wanafunzi nyimbo zote: ngoma, inanga na zile za vijana wa Uingereza. Kisha tuwape zoezi moja: waueleze wimbo wa inanga kwa Kiswahili, bila kutumia kitenzi "kuimba".