Black Pudding: Dude la Dungeons & Dragons Linaloyeyusha Silaha, Ukilikata Linakuwa Mawili

Mchezaji mgeni wa Dungeons & Dragons akikutana na Black Pudding, cha kwanza anachofanya ni kuchomoa upanga na kukata. Hapo ndipo anapoharibu. Dude hili halisikii makali ya upanga hata kidogo, na likikatwa linagawanyika vipande viwili, vyote vizima, vyote vina njaa.

Kwa wasioujua, D&D ni mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja anaendesha hadithi, wenzake wanaigiza mashujaa, na dadu ndizo zinazoamua kama pigo limepata au limekosa. Black Pudding limo tangu toleo lile la kwanza kabisa.

Jina lenyewe ni utani. Kwa Waingereza, black pudding ni chakula: soseji ya damu, mafuta na nafaka, ndugu yake mutura inayochomwa kando ya barabara kule Kenya. La mchezoni haliliwi. Lenyewe ndilo linalokula.

Ni rundo la ute mweusi, mzito kama lami iliyoyeyuka, linalotambaa kwenye mapango na mahandaki. Halioni, ila linahisi chochote kilicho ndani ya futi 60. Penye mwanga hafifu unaweza kulidhani ni kivuli tu. Linapanda kuta, linatembea kwenye dari kichwa chini (kama lingekuwa na kichwa), na linapenya kwenye upenyo wa inchi 1. Kufunga mlango? Sahau. Mbao au chuma chenye unene wa inchi 2 linakimaliza kwa raundi moja, ambayo ni sekunde 6 za mchezo. Jiwe ndilo lisiloliwa.

Kwa kanuni za toleo la 2014, pigo lake moja lina wastani wa pointi 24 za madhara, na 18 kati ya hizo ni za tindikali. Wachawi wengi wa ngazi ya 4 hawafikishi pointi 30 za uhai. Wakigongwa mara mbili, wako chini.

Lakini kinachowauma wachezaji zaidi ni mali. Kidonda kinapona ukilala usiku mmoja, vifaa haviponi. Kila linapokugonga, vazi lako la vita lisilo na uchawi linapoteza pointi 1 ya ulinzi, moja kwa moja. Likishuka hadi 10, limekwisha. Deraya kamili ya chuma, ile ya vipande dhahabu 1,500 ambayo mtu ameihangaikia miezi, ina ulinzi wa 18, kwa hiyo inahimili mapigo 7 na la 8 linaimaliza. Vazi la ngozi lina 11. Pigo moja tu, kwisha habari.

Silaha nazo hivyo hivyo. Rungu au nyundo ya kawaida inalijeruhi vizuri, ila kila ikipata, tindikali inaila na nguvu yake inapungua kwa 1. Ikifika pungufu ya 5, imeyeyuka. Mshale unapotea papo hapo. Na anayelipiga kwa mkono au kwa silaha akiwa karibu naye anaungua, wastani wa pointi 4 kila mara. Silaha zenye uchawi haziliki, lakini mashujaa wa ngazi za chini wangapi wanazo?

Turudi kwenye ule upanga. Dude zima lina pointi 85 za uhai. Ukilikata, halipungui hata moja, linakuwa mawili yenye 42 kila moja. Yakikatwa tena yanakuwa manne yenye 21 kila moja. Hapo mgawanyiko unaishia, kwa sababu yamekuwa madogo mno. Jumlisha: 84. Kazi yote ile ya kukata imepunguza pointi moja, halafu sasa kuna manne yanayopiga kwa nguvu ile ile ya mwanzo. Radi nayo inaligawanya vivyo hivyo, kwa hiyo mchawi anayejitia kusaidia kwa radi anaongeza msiba. Baridi na tindikali hazilifanyi kitu.

Moto ndio dawa. Hauko kwenye orodha ya kinga zake, na uchawi mdogo kama Fire Bolt unarushwa kutoka mbali, tena bila kikomo. Kulipata si kazi: ulinzi wake ni 7 tu. Mwenye nyongeza ya 5 akitupa dadu ya pande 20, anakosa akitoka na 1 peke yake.

Na kuna njia ambayo wachezaji wengi wanaona aibu kuitumia: kukimbia. Lenyewe linakwenda futi 20 kwa zamu, binadamu wa mchezoni anakwenda 30. Ukiliwahi mapema halikupati, mradi njia uliyoshika ina pa kutokea.

Kwa anayeendesha mchezo, kulidondosha kutoka darini bila dalili yoyote ni uonevu. Waonyeshe kwanza mlango ulioliwa nusu, au mpini wa upanga uliobaki peke yake sakafuni. Asiyeuliza kimetokea nini hapo, basi kajitakia.

Takwimu zake zote zimo kwenye hati ya kanuni za msingi za mchezo huu, SRD 5.1, ambayo tangu Januari 2023 iko chini ya leseni ya Creative Commons. Inapakuliwa bure, hata kwa simu. Humo wamo pia ndugu zake: Gray Ooze, ambaye ni mdogo na anafaa kwa wanaoanza, na Gelatinous Cube, mche wa ute unaopitisha mwanga, wa futi 10 kila upande, unaoziba korido nzima na kumeza mtu akiwa amesimama.