Mnara wa Bukoba na Watu wa Visiwani

Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu kuja kuvunja mnara. Wajerumani walikuwa na kituo cha simu ya upepo Bukoba, na habari za vita zilipita juu ya maji bila waya. Askari walishuka tarehe 22. Kesho yake mji ukatekwa, mnara ukabomolewa, nyumba zikaporwa, nao wakarudi melini. Miongoni mwao alikuwamo Frederick Selous, yule mwindaji, akiwa na miaka 63. Hawakutaka mji wala kahawa yake. Walitaka Bukoba inyamaze. Vita ya Kagera ya 1978 kila mtu hapa anaijua. Hii ya mnara nasikitika wengi hawajaisikia.

Kituo kile kilituma nukta na vistari. Sauti ya mtu niliikuta hospitalini Muleba, kabla minara ya simu za mkononi haijafika kwetu: redio mezani, betri ya gari chini yake, nje waya umetandazwa kati ya mikaratusi miwili. Mzee aliyenifundisha hakunipa kipaza sauti mpaka nilipojua kusikiliza. “Kuna mtu hewani? Basi ngoja.” Ukibonyeza, tulia kidogo ndipo useme, la sivyo neno la kwanza linakatika. Mtaje unayemwita, kisha jitaje. Namba zisome tarakimu moja moja: moja, tano, ukisema kumi na tano na mwanzo ukakatika, huko wanaweza kuandika tano, na hapo unaagiza dawa za wagonjwa. Sema “ova”, achia kitufe. Usipoachia, utaongea peke yako na mwenzako hawezi hata kukuambia.

Redio ile mawimbi yake yaligonga anga la juu yakarudi chini mbali sana. Hizi za VHF za kwenye boti haziwezi. Kilima kikikaa katikati, basi. Hata hivyo, ziwani sioni mbadala wake. Simu ya mkononi inampata mtu mmoja, tena ukiwa na mtandao. Chaneli 16 inawafikia wote walio karibu ambao redio zao ziko wazi. Mtumbwi ukianza kuingia maji njiani kwenda visiwa vya Goziba au Bumbire, hakuna wa kuanza kutafuta namba. Kwa hiyo vijana ninaowafundisha naanza nao hapo: “Mayday” mara tatu, jina la chombo, mko wapi, mmepatwa na nini, mko wangapi. Halafu waachie kitufe, wasikilize.