Spitfire ya 1940, tumboni ilikuwa na rangi gani?

Wadau, wiki hii semina yetu ya historia ilikuwa juu ya vyanzo vya msingi, na kila mmoja alitakiwa aje na mfano wake. Wenzangu wakaja na barua za wamisionari, wengine masimulizi ya wazee. Mimi nikaenda na ndege ya plastiki. Walicheka weee! Halafu wakatulia, maana swali langu halikuwa jepesi: Spitfire iliyopigana katika anga la Uingereza kiangazi cha 1940, tumboni ilikuwa na rangi gani?

Kwa wasiojua, rumeti wangu huunganisha hizi ndege ndogo za kipimo cha 1/72. Spitfire ya kweli ilikuwa na mita 11.23 toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, hiyo ya kwake haifiki sentimita 16. Kuunganisha vipande si ishu, ni gundi na subira tu. Kasheshe iko kwenye rangi.

Juu hakuna ubishi sana. Mabaka yalikuwa mawili, Dark Earth ambayo ni kahawia ya udongo, na Dark Green, kijani iliyokolea. Ukiitazama ndege toka juu inapotea kwenye mashamba na miti. Tatizo ni chini.

Vita vilipoanza mwaka 1939, ndege za kivita za RAF zilikuwa zimepakwa chini nusu nyeusi na nusu nyeupe. Ukiuliza hiyo ni kujificha gani, jibu ni kwamba haikuwa kujificha hata kidogo. Ilikuwa ni kujitambulisha, ili watu wa mizinga walioko chini wasije wakatungua ndege ya kwao. Na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Tarehe 6 Septemba 1939, siku ya nne tu ya vita, Spitfire za Kikosi namba 74 ziliziangusha Hurricane mbili za Kikosi namba 56, Waingereza kwa Waingereza. Rubani Montague Hulton-Harrop akafa. Ndiye rubani wa kwanza wa ndege za kivita za Uingereza kufa katika vita hiyo, na aliuawa na wenzake. Kwa hiyo mtu akiniambia rangi ya ndege ni mambo ya watoto wa michezo, namtajia jina hilo.

Sasa hiyo nyingine imetoka wapi? Hapa anaingia Sidney Cotton, Mwaustralia mmoja mjanja sana aliyekuwa akiipiga picha Ujerumani kwa siri mwaka 1939 kwa ndege ya kiraia aina ya Lockheed. Alitaka rangi ya kupotea angani, akaipata: kijani iliyopauka mno, yenye umanjano kwa mbali. Akaiita Camotint. Tarehe 18 Novemba 1939 Spitfire ya kwanza ya kupiga picha iliruka kuelekea Aachen ikiwa na rangi hiyo. Wakubwa wakaipenda, ikaingizwa kwenye orodha rasmi kwa jina la Sky.

Mwanzoni mwa Juni 1940 ikatoka amri kwamba ndege zote za kivita chini ziwe Sky. Amri ikafika, rangi haikufika! Ufaransa inaanguka, viwanda viko mbioni, na vikosini mafundi wanaulizana Sky ndiyo ipi. Maana tayari kulikuwa na rangi nyingine inaitwa Sky Blue, ambayo ni ya bluu. Wengine wakawa wanasema "rangi ya yai la bata". Jamani, nani hajaona mayai ya bata? Kuna jeupe, kuna la kijani, kuna la bluubluu. Mafundi wakapaka walichonacho, wengine wakakoroga wenyewe. Hata maandishi ya "Sky Type S" yamewachanganya watu miaka mingi wakidhani ni rangi tofauti, kumbe S ilimaanisha tu rangi ya aina laini, isiyokwaruza upepo.

Mtu atasema tuangalie picha. Haya, tuangalie. Nyingi ni nyeusi na nyeupe, na filamu nazo zina tabia zake. Kulikuwa na filamu isiyoiona nyekundu kabisa. Humo nyekundu inatoka nyeusi, manjano inatoka ya giza, na bluu inang'aa kama imefuliwa. Ndiyo maana kwenye picha fulani ile duara ya manjano inayozunguka nembo ya RAF utaapa ni nyeusi. Sasa rangi iliyopauka kama Sky utaijuaje humo? Darasani nilisema, na bado nasema, picha ni shahidi anayehitaji kuhojiwa kama shahidi mwingine yeyote.

Chenye nguvu zaidi ni tarehe. Mwishoni mwa Novemba 1940 iliamriwa bawa la kushoto lipakwe tena jeusi chini, na kiwiliwili kifungwe mkanda wa Sky wa inchi 18 karibu na mkia. Kwa hiyo ukiona modeli ya "Agosti 1940" ina huo mkanda, ujue aliyeipaka amechanganya miezi. Kuhusu kivuli chenyewe cha Sky, Makumbusho ya RAF yalitoa mwaka 1976 kitabu chenye vipande vya rangi halisi. Ila ukikipaka hivyo hivyo kwenye ndege ya sentimita 16 inaonekana imekolea mno, kwa sababu kitu cha mbali hupauka machoni. Wapo wanaoongeza nyeupe kidogo, asilimia 10 au 15. Mimi naona ni halali, rumeti anasema ni uchakachuaji. Hatujaelewana mpaka leo.

Agosti 1941 mambo yakajirudia. Mapigano yalikuwa yamehamia juu ya bahari na Ufaransa, kahawia ya udongo ikawa haifai, ikaamriwa iwe kijivu cha Ocean Grey, na chini Medium Sea Grey. Makopo ya Ocean Grey hayakutosha, safari hii wizara yenyewe ikatoa kipimo: sehemu 7 za Medium Sea Grey kwa sehemu 1 ya nyeusi. Kila kikosi na ndoo yake. Anayetengeneza Spitfire ya Septemba 1941 ana ruhusa kamili ya kukoroga mwenyewe.